Umeme Usiishie Ukingoni mwa Gati

Kontena la parachichi linalosubiri kupakiwa katika bandari ya Mombasa huwa limechomekwa kwenye umeme wa gridi ya taifa. Jokofu lake linanguruma, na nguvu inayoliendesha inatokana kwa sehemu kubwa na mvuke wa Olkaria, maji ya Mto Tana na upepo wa Turkana. Zamu yake ikifika, plagi huchomolewa, winchi ya umeme hulinyanyua, likatua melini na kuchomekwa upya. Kuanzia dakika hiyo parachichi zile zile, zilizosogea mita chache tu kutoka nchi kavu, zinapozwa kwa mafuta yanayoungua ndani ya jenereta za meli. Nayo meli bado imefungwa kamba gatini.

Wengi hudhani kwamba meli ikishafunga gati huzima mitambo yake. Injini kuu huzimwa kweli, lakini jenereta hubaki zikifanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya taa, pampu, jiko la mabaharia na majokofu. Meli kubwa ya makontena inaweza kuhitaji megawati 1 au zaidi kwa muda wote inapopakua na kupakia. Mafuta yenyewe ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi. Tangu Januari 2020 sheria ya kimataifa inaruhusu mafuta ya meli yawe na salfa isiyozidi asilimia 0.50, yaani sehemu 5,000 katika kila milioni. Dizeli ya malori Afrika Mashariki iliwekewa kikomo cha sehemu 50 tangu 2015. Kwa hiyo lori linalosubiri mzigo langoni linabanwa na kiwango kikali mara 100 kuliko meli iliyoleta mzigo huo, ingawa moshi wa vyote viwili unavutwa na mapafu yale yale. Kusi inapovuma, moshi wa magati ya Kipevu mjini Mombasa huelekea mtaa wa Changamwe na ule wa bandari ya Dar es Salaam huelekea mjini. Wakazi wa huko ndio wanaolipa gharama ambayo haiandikwi kwenye ankara yoyote ya wakala wa meli.

Dawa yake inajulikana: meli izime jenereta na ipewe umeme wa nchi kavu kwa nyaya nene kutoka gatini. Gothenburg, nchini Sweden, ilikuwa imeanza kufikia mwaka 2000, na Los Angeles ikafuata 2004 kwa meli za makontena. Jimbo la California lilianza kuwabana wenye meli kisheria mwaka 2014, na Umoja wa Ulaya utawataka wenye meli za makontena na za abiria wafanye hivyo katika bandari zake kuu kuanzia 2030. Sisi tuna sababu nzito zaidi ya kuufuata mkondo huo. Mahali ambapo umeme unafuliwa kwa makaa ya mawe, kuiunganisha meli ni kuuhamisha moshi tu kutoka bandarini hadi penye mtambo. Kenya hupata karibu asilimia 90 ya umeme wake kutoka vyanzo jadidifu, na Tanzania sasa ina bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115. Hapa sehemu kubwa ya moshi huo ingetoweka kabisa.

Wapo wanaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wanasema umeme wetu hukatika. Ni kweli, lakini jenereta haziondolewi melini. Umeme ukikatika huwashwa, na saa chache za dizeli si sawa na siku nzima za dizeli. Hoja ya gharama ni nzito zaidi. Meli nyingi hutumia umeme wa masafa ya hezi 60 ilhali gridi zetu ni za hezi 50, hivyo hulazimu kuweka kigeuzi cha masafa, na kigeuzi ni ghali. Tena baadhi ya meli zinazotuhudumia ni kuukuu, hazina hata mahali pa kupokelea waya. Kwa sababu hiyo sitetei kuyawekea magati yote mitambo hiyo kwa mpigo. Ianze na gati moja la makontena, pamoja na lile la meli za watalii, ambazo ratiba zake hujulikana mapema. Bei ya umeme ipangwe chini ya gharama ya kuchoma mafuta, maana mwenye meli hatazima jenereta kwa kutuhurumia.

Kuna wanaoona kwamba inatosha kuharakisha upakuaji ili meli isikae. Kuharakisha ni jambo jema, na foleni nangani ni uchafuzi pia. Lakini bandari inayofanya kazi haraka huvutia meli nyingi zaidi, na gati likiondokewa na meli moja hupokea nyingine. Masizi yanayowafikia wakazi hutegemea saa ambazo gati lina meli, bila kujali ni meli ipi.

Kinachohitajika sasa hakisubiri kigeuzi wala sheria mpya. Kila gati linalojengwa au kukarabatiwa, iwe Lamu, Tanga au Dar es Salaam, liwekewe mabomba matupu ya kupitishia nyaya na litengewe kiwanja cha kituo cha umeme kabla zege halijamwagwa. Kuyalaza leo ni kazi ndogo ndani ya mradi mkubwa. Kulivunja gati baadaye ni kusimamisha biashara. Wanaoidhinisha michoro wasitie saini mchoro usio na mabomba hayo.