Dende, majani na feza ya machimbo: watafiti wanasema nini kwa familia ya muchimbaji

Feza ya machimbo inakuja kwa mikupuo. Juma moja shimo linatoa, kila mutu anacheka. Majuma tatu yenye kufuata, maji inajaa ndani, ao bei inaanguka, ao njia inafungwa. Lakini sufuria ya nyumbani haingojee bei ya koltani. Mama anatafuta fufu na maharagi kila siku, minervali ya mutoto iko na tarehe yake, na malaria haiulize kama papa amesharudi kutoka Rubaya, Walikale ao Nyabibwe.

Juu ya hiyo, wakubwa wetu walizoea kugeuza feza kuwa nyama wa kufuga. Nyama anakula, anazaa, na siku ya shida anauzishwa. Ulizo ni moja: nyama gani, na atakula nini? Kwa miaka mingi watafiti wa inchi za joto, pamoja na wa hapa Kivu, wametafuta jibu la ulizo hilo. Mambo mengi waliyoona yanaweza kusaidia familia isiyo na shamba wala kundi la ngombe.

Ngombe anaonekana kwa mbali

Zamani, mutu akisema mufugo katika Kivu ya Kaskazini, wengi walifikiria ngombe. Vilima vya Masisi vilijulikana kwa maziwa na fromaji yake. Lakini vita vya tangu miaka ya 1990 vilionyesha uzaifu wa mali hiyo. Ngombe hafichiki, hubebi ngombe mugongoni wakati wa kukimbia usiku, na mwenye silaha anajua vizuri bei yake. Makundi mingi yaliporwa, na wenyewe wakabakia mikono mitupu.

Katika Kivu ya Kusini mambo yalikuwa vilevile, na huko watafiti walikaza macho juu ya nyama wadogo. Brigitte Maass, mutaalamu wa majani ya mifugo aliyetumika na CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo chenye makao Colombia, aliufanya utafiti huo pamoja na wenzake wa Congo na wa Ulaya. Mwaka 2014 walitoa andiko juu ya historia ya dende katika inchi yetu. Kichwa cha andiko hilo kinasema kwamba nyama huyu ametoka kwenye mwiko, akafika kwenye biashara.

Ni kweli. Wengi wetu tulimujua dende, ambaye wengine wanamuita kobayi ao simbilisi, kuwa nyama wa kuchezesha watoto. Kumbe kwao, katika milima ya Peru, Bolivia na Ecuador, watu wanamufuga kwa kumukula tangu maelfu ya miaka. Katika Peru, watafiti wa La Molina, karibu na Lima, walichagua wazazi wazuri kizazi kwa kizazi, mpaka wakapata dende wenye kupita kilo moja. Wetu wa hapa ni wadogo zaidi, lakini wamezoea hali ya kwetu.

Tufanye hesabu kama mbele ya mizani

Mimba ya dende inachukua siku karibu 68. Anazaa watoto 2, 3, mara ingine 4, na wanazaliwa na manyoya, macho wazi, meno tayari; kisha siku chache wanaguguna majani. Saa chache tu nyuma ya kuzaa, mama anaweza kushika mimba ingine.

Tusijidanganye na hesabu ya juu. Tuseme dike mumoja anazaa mara 4 kwa mwaka, na kila mara watoto 2 wanakomaa. Hao ni 8. Madike 5 wanatoa 40. Hata kama panya, ugonjwa na mwizi wanachukua nusu, wanabakia 20 kwa mwaka, kutoka kibanda kinachoingia nyuma ya jikoni. Hakuna mutu atajenga nyumba ya ngazi na 20 hizo. Lakini ni sabuni, ni daftari, ni dawa, na ni nyama ndani ya sahani ya mutoto wakati papa bado yuko shimoni.

Hiyo sahani si jambo dogo. Uchunguzi wa afya uliofanywa katika Congo muzima mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba watoto 43 kwa kila 100 wenye chini ya miaka mitano walikuwa wafupi kuliko umri wao, juu ya kukosa chakula cha kutosha na kizuri. Fufu inajaza tumbo, lakini haijengi mwili peke yake. Nyama ya dende iko na protini karibu gramu 20 katika kila gramu 100, sawa na nyama zingine tunazojua.

Kuko sheria mbili za kizazi ambazo wengi wanasahau. Ya kwanza: dume mumoja anatosha madike 5 mpaka 10, na inafaa kumubadilisha na jirani. Ndugu na dada wakizaana miaka na miaka, watoto wanakuwa wadogo na wazaifu, na mwenyewe anasema wamemuloga. Ya pili: watoto wanaachishwa maziwa kisha majuma tatu hivi, na hapo madume watengwe, sababu dike anaweza kushika mimba akiwa bado na mwezi moja na kidogo. Mimba ya mapema namna hiyo inaweza kumuua.

Anakosa kitu kimoja, kama sisi

Mbuzi, ngombe, kuku na sungura, miili yao inajitengenezea vitamini C. Dende hawezi. Mwili wake uko sawa na wa mutu: vitamini hiyo inapaswa kutoka kwenye chakula, kila siku. Mutu anayemupa dende pumba na maganda makavu tu anamuua polepole: viungo vinavimba, fizi zinatoka damu, anaacha kula, anakufa. Tena ni kifo kisichoomba muganga, kinaomba majani mabichi.

Ndani ya Goma, tumekaa juu ya mawe ya volkano, na majani si ya kuokota kila kona. Lakini angalia kile kinachotupwa jioni kwenye soko la Virunga ao Kituku: majani ya shu, matembele, maganda ya ndizi, majani ya mahindi. Vyote hivyo dende anakula. Kuko vitu vya kukataa: majani ya viazi vya kizungu na viazi vilivyogeuka rangi ya majani, majani ya nyanya, majani ya avoka. Vyote vina sumu. Majani ya muhogo mabichi pia yana sumu ya kuua. Sisi wenyewe tunaponda sombe na kuipika sana mbele ya kuikula.

Majani yenye umande ao mvua, uyaweke kwanza kivulini yanyauke. Yakiingia na maji yote, tumbo linajaa hewa na dende anakufa usiku. Na usishituke ukimuona anakula mavi yake laini. Chakula chake kinachachuka katika utumbo wa nyuma, na kwa kukirudilia anapata protini na vitamini ambazo zingepotea.

Jani lenye jina la Ruzizi

Kwa wenye kubakia na mbuzi ao ngombe vilimani, utafiti wa majani unafundisha jambo la kwanza hili: jani la inchi ya joto linakomaa mbio sana. Likiwa changa, liko laini na lina protini. Likishatoa maua, linakuwa kama mbao. Wataalamu walipima wakaona kwamba protini ikishuka chini ya sehemu 7 hivi kwa kila 100 za majani makavu, vidudu vidogo vinavyosaga chakula ndani ya tumbo la ngombe vinakosa nguvu. Basi ngombe anasimama katikati ya majani mengi, tumbo limejaa, na bado anakonda. Dawa yake ni kukata mapema, na kuchanganya na mimea ya jamii ya maharagi, kama vile desmodiumu ao majani ya muti wa kaliandra, ambayo inaleta protini na kutia nguvu udongo.

Jambo la pili litawagusa wachimbaji. Mwaka 1953, wataalamu wawili wa mimea, Germain na Evrard, waliandika jina la kisayansi la jani moja la bonde la Ruzizi, kule chini ya Bukavu: Brachiaria ruziziensis. Jani hilo likavuka bahari. Likapandwa Australia, likapandwa Brazil. Katika Ubelgiji, watafiti waliongeza mara mbili hesabu ya kromozomu zake, ili liweze kuzaana na ndugu zake wa jamii ya Brachiaria. Kutoka hapo, CIAT katika Colombia ikapata mbegu mupya iliyoitwa Mulato, yenye majani mengi na yenye kuvumilia jua. Leo wafugaji wa Kenya na Rwanda wanapanda Mulato.

Tunajua hadisi ya jiwe linalotoka Kivu ndani ya mufuko na kurudi likiwa simu ya kununua. Na jani lilipita njia hiyo. Tofauti ni kwamba jani halihitaji fabriki. Mutu akipata kichaka kimoja, anakigawanya na kukipanda kwenye ukingo wa shamba, pale udongo unapoteremuka na mvua. Mizizi inashika kilima, mbuzi wanakula, na jirani anapata ya kupanda. Kabla ya kufikiria mbegu ya mbali, angalia setaria na majani ya tembo ambazo tayari ziko vilimani. Zikikatwa zikiwa changa, zinapita mbegu ya bei iliyokatwa kwa kuchelewa.

Kibanda na hewa

Dende hapandi ukuta. Mbao ya urefu wa goti inamuzuia kutoka, lakini haizuie panya, paka wala mbwa kuingia. Kwa hiyo ni lazima kifuniko. Anaogopa baridi, upepo na unyevu. Wengi wanamuweka jikoni chini ya meza, na hapo moshi na harufu ya mikojo vinamuharibu mapafu, yeye pamoja na watoto wa nyumba. Kibanda kidogo kilichoinuliwa, chenye nyasi kavu za kubadilisha, kinafaa kuliko.

Kuinua kibanda kuko na sababu ingine hapa kwetu: mazuku. Gazi ya kaboni inayotoka chini ya ardhi, upande wa Bulengo na kuelekea Sake, iko nzito kuliko hewa. Inalala kwenye mabonde madogo, zaidi usiku na asubuhi mapema wakati hakuna upepo. Haina rangi. Mbuzi, mbwa na hata watu wamekufa ndani yake. Nyama mufupi anayepumua karibu na udongo anaanguka wa kwanza. Muchimbaji anajua mambo haya kuliko mutu yeyote, maana ameshateremuka katika shimo ambalo mushumaa unazimika. Ukijenga kibanda, usijenge kwenye shimo la parsele, na usitume mutoto kukata majani kwenye bonde wakati jua halijatoka.

Mipaka yake

Mbona tusifuge nguruwe, anayekua mbio na kuleta feza mingi mara moja? Nguruwe ni muzuri, lakini iko pesti ya nguruwe ya Afrika, ugonjwa ulioandikwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921. Hauna dawa ya kuponyesha. Ukiingia katika kartye, unaweza kumaliza zizi lote kwa siku chache, na feza yote ya musimu inaenda nayo. Mutu anayeweka yote kwa nguruwe ni kama mutu anayefuata mushipa mumoja tu wa madini.

Dende naye hafai kila nyumba. Kuko makanisa ambayo waamini wake hawakule nyama huyu, na inafaa kuwaheshimia. Kwao kuku ao mbuzi wawili wa kufunga watafanya kazi hiyo hiyo. Na hakuna mufugo unaosimamisha vita ao kuleta bei nzuri ya madini.

Mwenye kutaka kuanza, aanze na dume 1 na madike 4, kutoka nyumba mbili tofauti ili wasiwe ndugu. Miezi sita ya kwanza asiuzishe dike hata mumoja. Watoto wa nyumba wanaweza kuleta majani wakitoka masomo, na mama ao mutoto mukubwa aandike kwenye daftari siku ya kuzaliwa, hesabu ya waliokufa na sababu yake. Feza ya dende ni ya nani, papa na mama waipatane mapema. Katika nyumba nyingi mama na watoto ndio wanachunga, kisha papa anarudi kutoka machimbo, anauzisha wote siku moja, na kazi inakufa hapo. Wakisikilizana toka siku ya kwanza kwamba madume yanauzishwa na madike yanabakia, kibanda kitakuwa bado kimejaa siku shimo litakapokauka tena.