Nyumba ya Wakfu ni Amana: Itengenezwe Kabla Haijaanguka

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tunautazama Mji Mkongwe wa Zanzibar na majumba yake.

Mji huu haukukosa ulinzi wa sheria. Mwaka 1985 Serikali iliunda Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza. Mwaka 1994 ukatolewa mpango wa uhifadhi. Na mwaka 2000 UNESCO ikauingiza katika Urithi wa Dunia. Mwenye nyumba humo hana ruhusa ya kubomoa wala kubadili sura ya jengo bila kibali.

Pamoja na hayo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, kasri alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki dunia. Sehemu nyingine ilikwisha kuanguka mwaka 2012. Hapa pana funzo: sheria humzuia mtu kubomoa, lakini haiizuii mvua.

Kuta za mji huo ni za mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Paa likivuja, chokaa hulegea, ncha za boriti huoza ndani ya ukuta, na ukuta huanza kuinama. Kuupaka lipu ya saruji si dawa, kwani saruji huufungia unyevu ndani.

Nyumba nyingi humo ni za wakfu. Mafakihi wametufundisha kuwa pato la wakfu hutangulia kuutengeneza wakfu wenyewe, ndipo wapewe wanufaika. Hekima yake ni bayana: kodi ikiliwa yote leo, kesho hapana nyumba wala kodi.

Basi tujiulize. Mpangaji anayeishi katika nyumba ya wakfu kwa kodi isiyotosha kununua hata chokaa, anakula haki ya nani? Na ndugu wanaogawana kodi ya nyumba ya babu yao bila kutenga fungu la paa, wanawaachia nini watoto wao?

Tusiitupie Serikali mzigo wote. Kabla ya masika, kila familia ipande juu, izibue mifereji na kuziba panapovuja. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; nasi twaongeza kuwa ukuta wa wazee wetu ukianguka, utakaojengwa hautakuwa ule.