Maneno ya Kutunza Video Zilizo Mali ya Wengi

Neno "pakua" lina kazi mbili za zamani katika lugha yetu. Mabaharia hupakua shehena chomboni, na mpishi hupakua chakula chunguni. Siku hizi limepewa kazi ya tatu, nayo ni kulichukua faili la video kutoka mahali pa mbali na kulitia katika simu au kompyuta yako. Mwenzake "pakia" amefuata njia iyo hiyo, maana kupakia faili ni kulipeleka huko mbali, kama apakiavyo mtu jahazi. Maneno haya ni ya Kiswahili kabisa, nayo yamechaguliwa vizuri; lakini yapasa mwalimu ajue mahali yanapopotosha. Chungu kikipakuliwa hupungua. Faili likipakuliwa hubaki zima mahali pake, na lililokujia ni nakala tu.

Hapa Nakwa, mjini Babati, vijana huambiana "nirushie". Neno hilo ni la mitaani, wala silidharau. Ila kitu kilichorushwa hutoka mkononi mwa mrushaji, na video haitoki. Labda ndiyo sababu wengi hawatofautishi kunakili na kuhamisha, na hapo ndipo vitu vinapopotea. Kunakili ni kufanya faili la pili lililo sawa na la kwanza. Kuhamisha ni kuliondoa hapa na kuliweka pale, nalo ni lile lile moja. Tuseme mwalimu wa kwaya anayo kadi ya kamera yenye masimulizi ya mzee aliyekwisha kufariki. Akilihamisha faili lile katika flashi ya rafiki, na flashi ikaanguka majini, masimulizi ya mzee yamekwisha. Kama angalinakili, la kwanza lingalisalia kadini.

Yako pia maneno "kubana faili", yaani kulipunguza ukubwa ili lisafiri upesi. Video ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na picha hupungua ubora. Ikitumwa kama hati hufika ilivyo. Iliyobanwa yafaa kutazamwa, lakini haifai kuwa nakala ya kuwekea akiba, kwa maana kilichopunguzwa hakirudi.

"Kabrasha" ni jalada la kutilia karatasi za ofisini, nalo limetumika kwa mahali pa kuwekea mafaili, ijapokuwa wengi husema "folda". Kabrasha la pamoja huwekwa katika "wingu". Wingu hili haliko angani. Ni kompyuta kubwa za kampuni, zilizo katika majumba yake, ambazo sisi huzifikia kwa intaneti. Hapa neno "kufuta" hupata nguvu mpya. Mtu akifuta daftari lake amefuta lake peke yake, lakini akifuta ubao wa darasa amewafutia wote. Kabrasha la pamoja ni ubao. Katika Dropbox, mathalan, mwenye ruhusa ya kuhariri akifuta faili, limetoweka kwa wenzake wote. Katika Google Drive, tangu mwaka 2020, faili lililotupwa katika pipa la taka hukaa siku 30, kisha hufutika lenyewe.

Basi huja neno "ruhusa". Mmoja hupewa ruhusa ya kutazama tu, mwingine ya kuhariri, na huyu wa pili ndiye awezaye kufuta. Kitufe cha kutolea ruhusa huandikwa "Shiriki", nami naona hapo wafasiri wamekosea. Kushiriki ni kupokea sehemu yako, kama tushirikivyo Meza ya Bwana. Yeye awapaye wengine sehemu, huyo hushirikisha. Tofauti hii si ndogo, maana anayeshirikisha ndiye wa kuulizwa kama kitu ni chake kutoa.

Wagorowa, ambao vitabu vya kale viliwaita Wafiomi, wanajua swali hili kwa mfano wa kweli. Lugha yao ya Kigorowa, iliyo katika jamii ya lugha za Kikushi, ilirekodiwa kwa sauti na video na mtaalamu Andrew Harvey, na rekodi hizo ziliingizwa mwaka 2017 katika hifadhi ya lugha zilizo hatarini, iliyokuwa katika chuo cha SOAS, London. Mwaka 2021 hifadhi hiyo ilihamia Berlin. Katika hifadhi hiyo kila faili huwekewa ngazi ya ruhusa: mengine huwa wazi, mengine hayafunguliwi mpaka aliyeyaweka akubali. Pia huambatana na maelezo: ni nani asemaye, wapi, lini, kwa lugha gani. Faili liitwalo kwa tarakimu za kamera tu halitajulikana na mtu baada ya miaka kumi, hata likiwa na nakala mia. Afadhali jina lianze na mwaka, mwezi na siku, kisha mahali, kisha habari yenyewe, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano wa tarehe.