UA WA MIFUGO USIZIBE MTO

Ng'ombe wakiachiwa kushuka mtoni hubomoa kingo na kuwachafulia maji walio chini. Kwa hiyo twamsifu kila mfugaji wa Pemba anayejenga ua kando ya mto, hatua kadhaa kutoka ukingoni. Lakini nguzo zikichimbiwa katikati ya mto, masika huzirundikia magogo na majani; ua huvunjika, au maji huacha njia yake yakaharibu mabonde ya mpunga.

Panapokatiza mto, waya mnene ufungwe juu, baina ya nguzo mbili za ukingoni, na fito zining'inizwe hapo. Mafuriko yatazinyanyua yapite, kisha zitarudi mahali pake.

Tunawaomba mabwana mifugo wawaonyeshe wafugaji kazi hii kabla ya Machi. Mto hauna mwenyewe mmoja.