Makato ya bima ya afya si hisani ya mwajiri

Hati ya mshahara inaonyesha wazi kwamba pesa za bima zilikatwa mwisho wa mwezi. Hata hivyo, mgonjwa anapofika hospitalini na nambari ya kitambulisho chake kuingizwa katika kompyuta, jibu linalotolewa ni kuwa michango yake haijalipwa. Wafanyakazi wengi hung'amua wakati huo, tena wakiwa wagonjwa, kwamba pesa kukatwa na pesa kufika zinakopaswa ni mambo mawili tofauti.

Tangu Oktoba 1, 2024, Bima ya Afya ya Jamii (SHIF) ilichukua mahali pa NHIF, iliyoanzishwa mwaka wa 1966. Kila aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Anayepokea Sh20,000 hukatwa Sh550, ilhali NHIF ilimtoza Sh750. Mwenye Sh200,000, ambaye zamani hakuvuka Sh1,700, sasa hukatwa Sh5,500 kwa kuwa mfumo huu hauna kikomo cha juu. Tofauti na NSSF, ambako mwajiri huongeza sehemu yake, hapa mchango wote hutoka mfukoni mwa mfanyakazi. Kwa sababu hiyo, mwajiri anayezuilia pesa hizo hazuilii mali yake.

Wajibu wa mwajiri ni kukata na kuwasilisha mchango kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinalifanya kosa la jinai tendo la kukata pesa za namna hii kisha kukosa kuziwasilisha. Adhabu yake ni faini isiyozidi Sh100,000, kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Mfanyakazi anaweza kukagua hali yake kwa kubonyeza *147# kwenye simu, na ni heri afanye hivyo akiwa mzima. Akigundua pengo, hati za mshahara, ambazo sheria inamlazimu mwajiri kuzitoa, ndizo ushahidi wa kumpelekea afisa wa leba.

Kuna waajiri wanaodai kwamba kwa kuwa wamewanunulia watu wao bima ya kampuni ya kibinafsi, SHIF si lazima. Dai hilo halina msingi. Bima ya kibinafsi ni nyongeza tu, wala sheria haimlazimishi mwajiri kuinunua. Ila ikiwa imeandikwa katika mkataba wa kazi, huwa ni sehemu ya masharti ya ajira, na mwajiri hawezi kuifuta kimyakimya bila kushauriana na mfanyakazi.

Hata pasipo bima hiyo, kifungu cha 34 kinamtaka mwajiri ahakikishe wafanyakazi wanapata dawa za kutosha wanapougua na, ikiwezekana, huduma ya daktari ugonjwa unapokuwa mkali. Hiki ni kifungu ambacho wengi hawajapata kukisikia. Aidha, aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo ana haki ya likizo ya ugonjwa: siku zisizopungua saba kwa mshahara kamili na nyingine saba kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, mradi awe na cheti cha daktari.

Majeraha ya kazini ni suala jingine kabisa. Fundi aliyeanguka jukwaani au mwendeshaji mashine aliyekatwa kidole halipiwi fidia na SHIF. Anayewajibika ni mwajiri, chini ya Sheria ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya 2007, inayomtaka awe na bima ya kushughulikia visa hivyo, gharama za matibabu zikiwemo. Dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu ajali itokee. Anayengoja apone kabisa ndipo atafute karatasi huenda akajikuta amechelewa.