Jinsi Maombi ya Wananchi Yanavyogawanywa Kati ya Seva

Siku Baraza la Mitihani la Tanzania linapotangaza matokeo ya Kidato cha Nne, mzazi aliyeko Kata ya Bujonde, wilayani Kyela, hufungua tovuti kwa simu yake katika saa ile ile ambayo wazazi wa nchi nzima hufanya hivyo. Ukurasa ukikawia, wengi huulaumu mtandao wa simu. Chanzo chaweza kuwa mbali zaidi, ndani ya kituo cha data.

Mfumo unaohudumia umma mkubwa hautegemei seva moja. Mbele ya seva kadhaa huwekwa kigawa mzigo, yaani programu au kifaa kinachopokea kila ombi na kuamua liende seva ipi. Uamuzi huo una njia zake, na kila njia ina mahali pake.

Njia nyepesi ni ya zamu: ombi la kwanza kwa seva ya kwanza, la pili kwa ya pili, kisha mzunguko huanza upya. Hufaa kwa kurasa za matokeo, kwa kuwa maombi yake hulingana. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu ni jambo jingine. Mwanafunzi mmoja hupakia vyeti, mwingine husoma maelekezo tu. Hapo ni bora ombi jipya lipelekwe kwa seva yenye kazi chache wakati huo. Seva zikitofautiana nguvu, yenye nguvu zaidi hupangiwa sehemu kubwa zaidi.

Njia inayohitaji tahadhari ni ile ya kumrudisha mwombaji kwenye seva ile ile kwa kuangalia anwani ya intaneti anakotokea. Huvutia, maana seva iliyopokea ukurasa wa kwanza wa fomu ndiyo inayokumbuka alikofikia. Lakini wananchi wengi hutumia intaneti ya simu, na kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani chache za pamoja. Mwombaji wa Bujonde na wa Mbeya mjini waweza kuonekana kuwa mtu mmoja. Seva moja ikaelemewa huku jirani zake zikikaa bure. Tena simu ikipoteza mawimbi na kuunganishwa upya, anwani yaweza kubadilika, na mwombaji akaikuta fomu imerudi mwanzo. Ni salama zaidi kumbukumbu za fomu ziwekwe katika hifadhi ya pamoja inayosomwa na seva zote.

Hakuna njia inayofidia upungufu wa seva. Seva tatu zikifanya kazi kwa asilimia 80 ya uwezo wake, moja ikizimika, mbili zilizobaki zitadaiwa asilimia 120 kila moja. Kigawa mzigo kitagundua hitilafu, lakini hakitakuwa na pa kuupeleka mzigo.

Kwenye malipo, kama yale ya mfumo wa Serikali wa GePG ulioanza kutumika mwaka 2017, suala ni zito zaidi. Seva ikizimika katikati ya muamala, kigawa mzigo hakipaswi kulirudia ombi kwa upofu, mwananchi asije akakatwa fedha mara mbili. Ombi likirudiwa, mfumo utambue kwanza, kwa namba ya malipo, kama fedha zimekwisha kupokelewa.