Rubani Aliyeangukia Rufiji

Kila niendapo Mombasa sikosi kupita Fort Jesus kuutazama mzinga wa Kijerumani uliokaa pale. Wageni hupiga picha na kwenda zao. Mimi humkumbuka Mwingereza John Cull, aliyekuwa angani siku meli iliyoubeba mzinga huo ilipokufa.

Meli yenyewe ni manowari Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha katika mikoko ya Rufiji, ambako meli kubwa hazikuweza kuifuata kwa uhaba wa maji. Ilibidi itafutwe kutoka juu, na ndege za siku hizo zilikuwa mbao, nguo na gundi tu. Rubani wa kwanza, Cutler, aliiona mwezi wa Novemba, Desemba akatekwa.

Cull aliwasili kisiwani Nyororo, karibu na Mafia, Februari 1915 na ndege za majini. Taabu aliyoipata! Joto letu la pwani liliiharibu gundi, na injini zikashindwa hata kuzinyanyua ndege vizuri. Aprili akaletewa nyingine, akaipiga picha Königsberg huku risasi zikimiminwa kutoka chini.

Tarehe 6 Julai meli mbili ndogo, Severn na Mersey, ziliingia mtoni, zikapiga mizinga bila kuimaliza. Tarehe 11 zikarudi. Wapiga mizinga hawakuiona shabaha yao. Cull aliendesha ndege, na mwenzake Arnold akawaarifu kwa simu ya upepo mahali kila kombora lilipoanguka. Mbele kidogo, kushoto kidogo, mpaka likapata. Ndipo ndege ikapigwa, injini ikafa. Je, msomaji, wewe ungefanya nini? Wanashuka bila injini, na Arnold bado anasahihisha shabaha!

Wakaangukia mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka. Cull alikuwa amesahau kufungua mkanda wake, akanaswa chini ya maji. Arnold ndiye aliyemsaidia kutoka. Wote wawili wakatunukiwa nishani ya DSO.

Königsberg iliteketea, mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Lakini mizinga yake 10 ikaopolewa, ikatiwa magurudumu, ikakokotwa nyikani na wapagazi wa Kiafrika wakati wa vita. Huu wa Mombasa ni mmojawapo, na kila niugusapo hujiuliza ni mabega mangapi yaliyousukuma. Hao hakuna aliyewapa nishani.